Chifu, muhuri na shamba: kwa nini machifu wa Zambia waliikataa sera ya ardhi huku wakigonga mihuri kwenye vyeti

Februari 2018 serikali ya Zambia iliwaita wadau jijini Lusaka kuijadili na kuipitisha rasimu ya sera mpya ya taifa ya ardhi. Machifu walihudhuria, kisha wakasimama na kutoka mkutanoni. Walisema rasimu ile inawapunguzia mamlaka juu ya ardhi ya kimila na kwamba maoni yao hayakuzingatiwa. Sera ikakwama. Ilikuja kuzinduliwa Mei 2021, miaka mitatu baadaye.

Ukiishia hapo, habari ni nyepesi: serikali inataka mabadiliko, machifu wanakataa. Lakini katika miaka hiyohiyo, wilayani Chipata, Mkoa wa Mashariki, machifu Mkanda, Mshawa, Maguya na Mnukwa walikuwa wameruhusu mashamba ya watu wao yapimwe moja baada ya jingine, na vyeti vikatolewa kwa maelfu. Chifu Chamuka wa Chisamba, kaskazini ya Lusaka, naye akaanza kutoa vyeti vya umilikaji wa kimila katika himaya yake. Upimaji, ramani, kamati za vijiji, majina ya wanawake kwenye karatasi: karibu kila kitu ambacho wataalamu wa mageuzi ya ardhi hukililia kilikuwa kikifanyika, na aliyekiruhusu ni chifu.

Kwa hiyo swali la kama machifu wanapenda au wanachukia mageuzi halitufikishi popote. Swali lenye manufaa ni hili: baada ya mageuzi, daftari linakaa kwa nani, na sahihi ya nani inahitajika mara ya pili? Ukilishika swali hilo, mambo mengi yanayoonekana kama ukaidi au unafiki wa machifu yanaanza kueleweka, na yale ambayo kweli ni unyang'anyi yanaonekana waziwazi zaidi.

Asilimia 94 zilitoka wapi

Kila mjadala wa ardhi Zambia huanza na tarakimu moja. Husemwa kwamba asilimia 94 ya nchi ni ardhi ya kimila na asilimia 6 ni ya serikali. Waziri huitaja kuonyesha kwamba machifu wameshika nchi nzima na wawekezaji wanakosa pa kuweka mguu. Machifu huitaja kuonyesha ukubwa wa kile kinachonyemelewa.

Tarakimu hiyo ni urithi wa ukoloni. Mwaka 1928 utawala wa Rhodesia Kaskazini, kama Zambia ilivyoitwa enzi hizo, ulitenga ardhi ya Mfalme wa Uingereza, hasa kandokando ya reli na kwenye maeneo ya madini, kwa ajili ya walowezi na makampuni, na ukaweka hifadhi za wenyeji. Mwaka 1947 ikaongezwa aina ya tatu, ardhi ya amana ya wenyeji. Mgawanyo ulipokamilika, hifadhi zilikuwa kama asilimia 36, ardhi ya amana asilimia 58, na ya Mfalme asilimia 6. Jumlisha mbili za kwanza utapata 94.

Tangu hapo zimetengwa hifadhi za wanyama na misitu, yametangazwa mashamba makubwa ya serikali, miji imetanuka, na watu binafsi wamegeuza vipande vingi kuwa vya hatimiliki. Watafiti waliokaa na kupiga hesabu upya wamepata kwamba ardhi ambayo kweli iko chini ya mila, ambayo mkulima anaweza kwenda kwa mkuu wa kijiji akapewa, ni zaidi kidogo tu ya nusu ya nchi. Hapo ndipo hofu ya machifu inapopata uzito. Himaya zao zimekuwa zikimegwa kwa miaka mingi bila mtu kusahihisha hesabu, na kila anayekuja kuomba eneo anaamini bado limebaki pori tele.

Sahihi moja, basi

Sheria inayotawala mambo haya ni ya mwaka 1995. Inaweka ardhi yote ya Zambia mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, kisha inatambua kwamba watu wanaweza kuishika kwa mila. Halafu inafungua njia ya tatu: anayeshika ardhi kwa mila anaweza kuigeuza ikawa ya hati ya upangaji kutoka serikalini, ya miaka 99. Ili aigeuze anahitaji kibali cha chifu, kisha halmashauri ya wilaya, kisha Kamishna wa Ardhi. Bila kibali cha chifu, safari inaishia ikulu yake.

Mtu akisoma hivyo anaweza kudhani chifu ana nguvu kubwa. Anayo, ila mara moja tu. Hati ikishatoka, ardhi ile imetoka kwenye mila. Kodi ya pango ya kila mwaka inakwenda wizarani. Ugomvi wa mpaka unakwenda mahakamani Lusaka au mkoani, haurudi barazani kwa chifu. Mwenye hati akishindwa masharti au muda wake ukiisha, ardhi inarudi serikalini, wala hairudi kwa ukoo ulioitoa. Ni mlango wa kutokea usio na wa kurudia, na sheria haionyeshi njia ya kuirejesha ardhi iliyogeuzwa mikononi mwa jamii.

Linganisha na Ghana. Kule nako sehemu kubwa ya ardhi iko chini ya machifu, lakini katiba ya 1992 inataja mgawo wa mapato yake: asilimia 10 inakatwa kwa ajili ya ofisi inayoyakusanya, na kinachobaki kinagawanywa asilimia 25 kwa kiti cha chifu, 20 kwa mamlaka ya kimila na 55 kwa halmashauri ya wilaya. Mtu anaweza kubishana na mgawo huo, na Waghana wanabishana nao sana, lakini angalau chifu anajua ardhi ikipangishwa bado anahusika nayo mwaka ujao. Chifu wa Zambia anajua kwamba akisaini leo, kesho hana lake.

Katika mazingira hayo chifu ana njia mbili za kufuata akili yake. Ya kwanza ni kukataa kusaini, au kuchelewesha miaka. Ya pili ni kuhakikisha sahihi hiyo moja inalipa. Machifu wa Zambia wamefuata zote mbili, na tofauti kati yao mara nyingi ni umbali wa himaya kutoka mjini.

Kwenye himaya zilizo karibu na Lusaka na kandokando ya reli, wanaoomba vibali ni watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wastaafu wanaotaka shamba la kujipumzisha na kufuga. Wengi wa wakulima wa kati wa Zambia, wale wenye hekta tano hadi ishirini na zaidi, hawakutoka jembe la mkono wakapanda ngazi. Walitoka kwenye ajira ya mshahara wakanunua au wakapewa eneo. Mtu wa namna hiyo hafiki kwa chifu bila kitu. Mkono mtupu haulambwi, na desturi ya kumwendea mkubwa na zawadi ni ya zamani na ya heshima. Kilichobadilika ni kwamba kuku na sukari vimekuwa fedha, na fedha zimekuwa bei ya ardhi isiyoandikwa popote. Hakuna risiti, hakuna mfuko wa himaya, na watu waliokuwa wakilima pale husikia habari siku nguzo za uzio zinapochimbiwa.

Sitaki kulizungusha jambo hili. Chifu anayesimama jukwaani kuitetea ardhi ya mababu huku akigawa mashamba ya watu wake kwa mwenye gari anawadhulumu watu wake, hata kama sheria ya 1995 ndiyo iliyomfundisha kuharakisha. Lakini serikali nayo haina mikono safi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Zambia imekuwa na mpango wa mashamba makubwa, lengo likiwa kila mkoa upate eneo la hekta zipatazo 100,000 la kilimo cha biashara. La kwanza kutengwa lilikuwa Nansanga, wilaya ya Serenje. Ridhaa ya kimila ilitolewa kwa ahadi ya barabara, umeme na mabwawa. Ardhi ikageuzwa, lakini miundombinu ilisuasua kwa miaka mingi. Katika wilaya hiyohiyo, watetezi wa haki za binadamu walichapisha mwaka 2017 ushahidi wa familia zilizohamishwa na wakulima wa kibiashara bila fidia ya maana. Chifu aliyeyaona ya Serenje akaletewa rasimu ya sera mwaka 2018, akaambiwa mamlaka yake yatapunguzwa kwa faida ya wananchi, ana sababu ya kuuliza wananchi gani.

Ardhi humpa chifu nini

Mazungumzo ya wataalamu huishia kwenye fedha. Fedha ni sehemu tu, na kwa machifu wengi wa mbali na miji ni sehemu ndogo. Serikali inawatambua machifu 288, huwapa posho, na hamsini kati yao, watano kutoka kila mkoa, huketi katika Baraza la Machifu. Posho hiyo haiendeshi ikulu, haiwalishi manduna, yaani washauri wa chifu, wala wageni wanaofika kila siku na kesi zao.

Kikubwa zaidi ni watu. Chifu bila watu ni jina tupu. Mtu huwa wa chifu fulani kwa sababu anaishi kwenye ardhi aliyopewa kupitia mkuu wa kijiji aliye chini ya chifu huyo. Humo ndimo unamoanzia utii, kuitikia wito wa kazi za jamii, kufika barazani, kuomba ruhusa ya kuzika. Shamba likipata hati ya serikali, mwenye hati hana tena sababu ya kisheria ya kumtii chifu, na asipotaka kufika barazani hakuna wa kumlazimisha. Kwa chifu, hati mia moja ni kaya mia moja zinazobaki machoni na kupotea mkononi.

Kisha kuna wasiozaliwa. Machifu husema kwamba ardhi ni ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Watu wa mjini huichukulia kauli hii kama pambo la hotuba. Mimi naiona kama maelezo ya kazi. Kijana akioa, anahitaji mtu wa kumtafutia pa kulima. Mjane akirudi kwao, anahitaji mtu wa kumpokea. Mfumo wa kimila unamtaka chifu na wakuu wa vijiji wabaki na akiba ya ardhi kwa ajili ya watu hao, na pori lisilolimwa mwaka huu si lazima liwe halina mwenyewe: lina kuni, majani ya kuezekea, uyoga, malisho na mashamba ya wajukuu. Ramani ya mwekezaji huliandika kuwa ardhi tupu. Ugomvi mwingi huanzia kwenye neno hilo tupu.

Udhaifu wa hoja ya machifu ni kwamba akiba hiyo hailindwi na chochote isipokuwa tabia njema ya chifu. Akiwa mwema, inabaki. Akiwa na madeni, inaondoka.

Vyeti vya Chipata

Sasa turudi kwa machifu waliokubali, maana wao ndio wanaotupa jibu.

Kazi ya Chipata ilianza mwaka 2014 kwa fedha za Marekani, ikiunganishwa na mradi wa kuwahimiza wakulima wapande miti ya kurutubisha udongo mashambani. Wazo lilikuwa kwamba mtu hapandi mti wa kukua miaka kumi kwenye shamba ambalo hana hakika nalo. Utekelezaji ulishikwa na asasi ya wilaya, Chipata District Land Alliance, watu wanaojua lugha na ikulu za pale.

Utaratibu ulikuwa mrefu. Kwanza chifu na manduna walikubali. Kisha kila kijiji kikaunda kamati ya ardhi. Kamati na wenye mashamba walitembea mipaka pamoja na majirani, wakiwa na picha za setilaiti na vifaa vya kunasa vipimo. Ramani zilizochorwa zilibandikwa kijijini watu wazikague, waseme jina hili limekosewa, mpaka huu umesogezwa, mtoto huyu ameachwa. Baada ya marekebisho ndipo vyeti vikachapwa na kupelekwa kwa chifu. Kila cheti kina nafasi ya wenye shamba zaidi ya mmoja, na nafasi nyingine ya watu wenye haki ndani ya shamba hilo ingawa si wenye nalo, kama watoto au ndugu.

Hapa kuna jambo la msingi: kwa cheti hiki ardhi haitoki kwenye mila. Chifu aliyesaini leo atahitajika tena shamba litakaporithiwa, litakapogawanywa au litakapogombaniwa. Anapata orodha ya watu wake na ramani ya himaya yake, vitu ambavyo machifu wengi hawakuwahi kuwa navyo. Akigombana na chifu jirani juu ya mpaka, ana ushahidi. Akija mtu kutoka mjini na kudai eneo ni tupu, ikulu inafungua ramani.

Aliyepoteza Chipata hakuwa chifu. Aliyepoteza, pale alipokuwepo wa kupoteza, ni mkuu wa kijiji aliyezoea kugawa kipande kimoja kwa watu wawili, au kumhamisha mjane polepole, mraba mmoja kila msimu. Baada ya mpaka kuandikwa na majirani kushuhudia, hilo limekuwa gumu. Upimaji pia huamsha migogoro iliyokuwa imelala. Vijiji viwili vilivyoishi miaka arobaini bila kuulizana mpaka uko wapi hulazimika kuulizana siku vipimo vinapochukuliwa, na chifu ndiye anayeitwa kuamua.

Kwa wanawake faida ni ya kweli, na inategemea ukoo. Mkoa wa Mashariki una Wachewa, ambao hurithi upande wa mama, na Wangoni, ambao hufuata upande wa baba. Kwa Wachewa shamba linaweza kuwa la mwanamke na ndugu zake tangu asili, na cheti huandika kile kilichokuwa kikijulikana. Kwa Wangoni, jina la mke kwenye cheti cha shamba la mume ni jambo jipya, na chifu anapoliunga mkono hadharani hubeba uzito ambao waraka wa wizara haubebi. Wakosoaji wa machifu hupenda kuwataja kama kikwazo cha haki za wanawake. Wengine ni kikwazo kweli. Lakini pale ambapo chifu amesema barazani kwamba mjane asiguswe, mashemeji husikia.

Malawi: chifu kapewa kiti

Vuka mpaka wa Chipata kuelekea mashariki uko Malawi, watu walewale wa Kichewa na Kingoni, serikali tofauti, njia tofauti. Malawi iliunda tume ya rais ya kuchunguza masuala ya ardhi mwaka 1996, ikaandika sera mwaka 2002, kisha sheria zikasuasua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2013 bunge lilipitisha muswada, machifu na asasi za kiraia wakaupinga vikali, na Rais Joyce Banda hakuusaini. Sheria ya ardhi ya kimila ilipita mwaka 2016 chini ya Peter Mutharika na kuanza kutumika 2018, na utekelezaji wake ukajaribiwa katika wilaya za Rumphi, Kasungu na Phalombe.

Sheria hii haikumwondoa chifu. Ilimpa kiti ndani ya kamati. Kama ilivyopitishwa mwaka 2016, ugawaji wa ardhi ulikabidhiwa kamati ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa kundi la vijiji, na wajumbe wengine sita wanachaguliwa na wanajamii, watatu wao wakiwa wanawake. Chifu mkubwa wa eneo anaongoza baraza la kusikiliza migogoro. Familia au mtu binafsi anaweza kuandikishiwa ardhi yake kuwa milki ya kudumu, na milki hiyo inahesabiwa kuwa ya binafsi.

Kwa nini basi machifu walilalamika, ikiwa viti wamepewa? Kwa sababu kukaa kwenye kiti ukiwa mmoja kati ya saba si sawa na kugawa peke yako. Na kwa sababu ngazi za uchifu wa Malawi ni nyingi, na sheria haikuzigusa kwa usawa. Mkuu wa kundi la vijiji alipata. Chifu wa eneo alibaki na baraza lakini akapoteza ugawaji. Mkuu wa kijiji kimoja, mtu wa chini kabisa, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa akionyesha watu mashamba kila msimu, hakutajiwa kiti cha moja kwa moja. Ukisikia machifu wa Malawi wanapinga sheria, uliza ni wa ngazi ipi.

Upinzani wa aina hii hauna maandamano. Mkuu wa kijiji anaendelea kushuhudia mauziano ya mashamba kwa karatasi ya daftari la shule, kama zamani, na watu wanaendelea kumwendea kwa sababu yuko karibu na hatozi nauli. Uchaguzi wa kamati ukifika, jamaa za mwenyekiti wanajaa kwenye viti sita. Sheria imetekelezwa kwenye taarifa ya wilaya, na kijijini aliyekuwa anaamua bado ndiye anayeamua. Wanaoandika sheria za ardhi huogopa chifu anayetoka ukumbini. Wangemwogopa zaidi yule anayebaki ndani akitikisa kichwa kukubali.

Kuna hofu nyingine Malawi ambayo haihusu cheo. Kusini na katikati mwa nchi mume huhamia kijijini kwa mke, na shamba ni la ukoo wa mke. Uandikishaji ukifanywa ovyo, jina la mume likaingia kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo siku ya upimaji au kwa sababu karani amezoea kuandika mkuu wa kaya, ardhi ya akina mama inaondoka kwa kalamu. Wajomba na machifu waliolisema hili hawakuwa wanapinga maendeleo. Walikuwa wanaona kitu ambacho wataalamu kutoka mijini hawakukiona.

Pale chifu anapoachiwa kila kitu

Mtu anaweza kusema: basi tumwachie chifu daftari lote, mambo yaishe. Afrika Kusini inatuonyesha mwisho wa njia hiyo. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Aprili 1994, ardhi ya kimila ya KwaZulu iliwekwa chini ya Ingonyama Trust, amana ambayo mdhamini wake pekee ni mfalme wa Wazulu. Leo ni kama hekta milioni 2.8. Watu waliokuwa na vibali vya zamani vya kukaa na kulima walishawishiwa kuvibadilisha kwa mikataba ya upangaji. Wenyeji wakawa wapangaji kwenye ardhi ya babu zao, wakilipa kodi iliyokuwa ikipanda kila mwaka. Juni 2021 mahakama kuu ya Pietermaritzburg ilitamka kwamba jambo hilo halikuwa halali.

Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 2017, jopo la bunge lililoongozwa na rais wa zamani Kgalema Motlanthe lilipendekeza amana hiyo ivunjwe au sheria yake irekebishwe. Mfalme Goodwill Zwelithini alijibu kwa kuita mkutano mkubwa Ulundi mwaka 2018 na kuwataka Wazulu waitetee ardhi yao. Serikali ilirudi nyuma haraka. Ni watu wa kawaida, wakiwemo wanawake waliokuwa wakidaiwa kodi ya viwanja vyao wenyewe, waliolazimika kwenda mahakamani kwa msaada wa asasi kutafuta kile ambacho wanasiasa waliogopa kukigusa.

Karatasi, kwa hiyo, haina wema wala ubaya wake yenyewe. Cheti cha Chipata kinasema shamba ni la watu hawa na chifu ni shahidi. Mkataba wa Ingonyama ulisema shamba ni la amana na hawa ni wapangaji. Vyote viwili vilitoka kwa mamlaka ya kimila na vyote viliitwa usalama wa umilikaji.

Na sisi tuliofuta machifu

Msomaji wa Tanzania anaweza kuona haya hayamhusu. Sisi tulifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikakabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Hati ya Haki Miliki ya Kimila haina sahihi ya mtemi wala mangi. Lakini mwenyekiti wa kijiji anayemkaribisha mwekezaji bila kuitisha mkutano mkuu anafanya kilekile ambacho chifu wa kando ya reli anakifanya, na Rais bado anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla kwa manufaa ya umma, nayo hairudi kirahisi. Tofauti yetu nzuri ni kwamba mkutano mkuu upo kisheria na mwanakijiji anaweza kuudai. Mzambia hana mkutano wa namna hiyo unaotamkwa na sheria. Anategemea chifu wake awe mtu anayesikiliza.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema Zambia ifanye kama sisi na kuwaondoa machifu. Katika maeneo mengi ya nchi ile, ofisi ya ardhi iko mbali kwa nauli ya siku nzima, na chifu yuko umbali wa baiskeli. Kumwondoa kungeacha pengo ambalo lingejazwa na mwenye fedha. Ila sikubaliani pia na machifu wanaotaka waachwe kama walivyo. Ridhaa ya kuhamisha ardhi ya jamii haipaswi kuwa ya mtu mmoja ndani ya chumba. Chifu asaini, lakini asaini baada ya kijiji husika kukaa na kukubali, na kijiji kibaki na nakala.

Nakala ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuhusu vyeti vya Chipata. Sheria ya 1995 haikitaji cheti kile. Benki haikipokei kwa urahisi kama dhamana. Nguvu yake inatokana na chifu aliyekitoa, na machifu hufa. Zambia ina migogoro ya urithi wa uchifu inayodumu miaka, pande mbili zikidai kiti kimoja. Mrithi akikataa kuvitambua vyeti vya mtangulizi wake, mkulima hana ofisi ya kukimbilia. Na hata mrithi akikubali, daftari lazima lisogee pamoja na maisha: mwenye shamba akifariki na watoto watatu wakagawana, nani anabadilisha majina, kwa kifaa gani, kwa mshahara wa nani? Fedha za Marekani zilizoendesha kazi ile zimekauka. Shirika lao la misaada lilifungwa mwaka 2025. Daftari lisilobadilishwa kwa miaka kumi litakuwa limejaa wafu, na watu watarudi kwenye kumbukumbu ya mkuu wa kijiji, pamoja na mapungufu yake.

Malawi, pamoja na matatizo yake yote, ilifikiria jambo hili: utaratibu wake una karani wa ardhi katika eneo la kila chifu, mtu ambaye kazi yake ni daftari. Nafasi nyingi hazijajazwa ipasavyo na vitendea kazi ni vichache, lakini nafasi ipo kwenye mfumo na inaweza kudaiwa kwenye bajeti. Kama ningeulizwa na machifu wa Mkoa wa Mashariki waombe nini serikalini baada ya kususia mkutano ule wa Lusaka, ningewaambia waanze na huyo karani: mshahara kutoka halmashauri, ofisi ikulu, nakala moja ya daftari kwa chifu, ya pili wilayani, ya tatu kijijini.